Effie Gellatly wa Upande wa Waliotoka

Kama una macho mazuri na huna haya, roshani ya kanisa letu la Thorter Lane ndiyo mahali pa kukaa. Mimi nimejaliwa vyote viwili. Nimekaa pale tangu utotoni, safu ya mbele, viwiko juu ya ukingo, na kutoka pale nimeona harusi, mazishi, meno ya bandia ya mzee mmoja yakidondoka katikati ya zaburi, na karibu yote yaliyokuwa na maana katika maisha ya Effie Gellatly.

Kanisa lenyewe lilijengwa likawafaa watu wagomvi. Mimbari haiko mwisho wa jengo, iko katikati ya ukuta mrefu, na viti vimeizunguka pande tatu. Wanaokaa katikati, mbele ya roshani, wanamtazama mchungaji. Wanaokaa kulia na kushoto wanatazamana wao kwa wao, uso kwa uso, na mchungaji wanamwona kwa kugeuza shingo tu. Katikati ni pa wageni, wanafunzi na watu wasio na ukoo hapa Dundee. Mwenyeji wa kweli ana upande wake.

Pande hizo zilianza mwaka wa 1843. Siku hizo mwenye ardhi ndiye aliyewachagulia watu mchungaji, apendaye yeye, hata kama mchungaji huyo alikuwa hajui kuhubiri wala kunyamaza. Watu wakachoka. Kanisa la nchi nzima likapasuka, na kwetu nusu ya waumini waliinuka ibada ikiendelea, wakatoka, wakavuka kichochoro, wakajenga kanisa lao mlango ukitazamana na mlango. Hao ndio Waliotoka. Wenzao ni Waliobaki. Toka hapo kila Jumapili kengele mbili zikashindana, mpaka, kwa maneno ya bibi yangu, hata njiwa wa mtaa ule walihama.

Hilo la mwenye ardhi nalielewa, na ningekuwapo ningetoka mimi wa kwanza. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililoniwasha zaidi. Waliotoka walikuwa wanasimama kuomba na kukaa wakati wa kuimba. Waliobaki walikuwa wanasimama kuimba na kukaa wakati wa kuomba. Kwa nini? Nilimuuliza baba, akasema Mungu anajua. Nilimuuliza mzee wa kanisa, akasema nikale pipi yangu. Mchungaji mmoja aliniambia kwamba zamani wote walikuwa wanaomba wima na kuimba wamekaa, kisha Waliobaki wakageuza mambo, na Waliotoka, kwa kuwa ni Waliobaki waliogeuza, wakaapa hawatageuza kamwe. Basi. Ukaidi mtupu, umevikwa joho.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi wakubwa wa Edinburgh wakapatana, wakatangaza kanisa ni moja tena. Waliotoka, ambao paa lao lilikuwa limeanza kuvuja juu ya kichwa cha mpiga kengele, wakavuka kichochoro kurudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema Waliobaki, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Wakawapa upande wa kushoto, wao wakabana kulia. Jumapili ile ya kwanza mchungaji aliposema "Tuombe," upande mmoja uliinuka wote, na upande wa pili ukaketi wote. Ungedhani ni mizani.

Effie alikuwa katika ule upande ulioinuka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mfumaji katika kiwanda cha magunia, binti wa Mzee Gellatly, mwimbishaji wa zaburi wa Waliotoka, mtu aliyeamini kinanda ni filimbi ya shetani. Waliobaki walikuwa na kinanda. Mzee Gellatly alifumbata mikono kifuani, amekunja uso, akawa hivyo miaka kumi na moja hadi kufa kwake. Effie akasimama karibu naye, na kwa kuwa alikuwa binti mdadisi, hakufumba macho. Alitaka kuona watu wanaombaje wakiwa wameketi.

Ng'ambo, katikati ya vichwa vilivyoinama, kulikuwa na uso mmoja ulioinuka. Ulikuwa unamtazama yeye. Midomo ikacheza bila sauti: "Hayo manyoya ya kofia ni ya kuku au ya bata?"

Sasa ngoja niseme. Kiwandani kwetu mashine zinapiga kelele kiasi kwamba ukifyatua bunduki hakuna atakayegeuka. Mfumaji akimaliza mwaka wa pili masikio yamekwisha kazi, na macho yamechukua zamu. Tunasomana midomo. Tunaweza kusimulia ugomvi wa jirani kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, na msimamizi amesimama katikati haambulii kitu. Effie alikuwa malkia wa kazi hiyo. Mimi nilipoingia kiwandani niliwekwa mashine iliyo kando yake, naye ndiye aliyenifundisha, kwa kunizibia masikio na kunitukana hadi nilipoweza kumjibu.

Effie, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, akamjibu yule mwanamume: "Ni ya Aliyebaki mmoja aliyeuliza maswali mengi."

Huyo alikuwa Dod Soutar. Naye alikuwa amelelewa na mashine zile zile, ila walimfukuza alipofika miaka kumi na minane. Ndivyo ilivyokuwa Dundee: mvulana akifikia kulipwa kama mwanamume, anaonyeshwa mlango, na kazi anapewa mwanamke kwa ujira wa chini. Wanaume wakabaki nyumbani wanachemsha birika, na mji mzima ukawacheka. Dod alipika, alifua, alidarizi, na alikuwa hana la kuona aibu. Mtu mkimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Dod ulikuwa midomoni.

Wakachumbiana hivyo hivyo, upande kwa upande, mbele ya watu mia nne, chini ya pua ya Mzee Gellatly. Wafumaji wengine waliona, msidhani hawakuona. Lakini waliokaa kushoto walimwona Dod tu, na waliokaa kulia walimwona Effie tu, kila mtu na nusu yake. Mazungumzo kamili nilikuwa nayo mimi juu ya roshani. Kusoma mdomo kwa ubavu ni kazi ngumu, nawaambieni, lakini nilijitahidi.

Dod alipomposa Effie, Mzee Gellatly alisema, "Muoe. Lakini kiti chake ni kiti chake. Gellatly hakai upande wa Waliobaki hata akiwa maiti."

Na mama yake Dod akajibu kwa upande wake, "Na mwanangu hataenda kukaa na watu wanaoimba makalio yakiwa chini kama kuku waatamiao."

Wakaoana, na Jumapili iliyofuata bwana harusi akaketi kulia, bibi harusi kushoto. Mji ukacheka tena. Wakahamia kwa Mzee Gellatly, chumba na jiko, pamoja na baba, dada wawili wa Effie, na shangazi aliyelala kwenye kitanda cha ukutani, ambaye hakuwahi kulala usingizi kamili katika maisha yake. Mchana kutwa Effie yuko kiwandani. Usiku shangazi anakohoa kuonyesha kwamba anasikia. Mahali pekee walipoweza kuzungumza bila mtu kuingilia palikuwa kanisani, wakati wa sala, watu wote wakiwa wamefumba macho. Yaani wote isipokuwa watatu.

Mengi yalikuwa ya kawaida, na ndiyo niliyoyapenda zaidi.

"Samaki umewafunika?"

"Nimewafunika."

"Na paka?"

"Paka hana mikono, Effie."

"Wa kwetu anayo. Jana alifungua kabati."

"Jana ni shangazi yako aliyefungua kabati."

Lakini mambo mazito nayo yaliwekwa hadi Jumapili. Ikawa mila yao. Jambo kubwa halikusemwa nyumbani. Siku Effie alipomwambia kwamba ana mimba, mchungaji alikuwa katikati ya sala ndefu kwa ajili ya mabaharia, na Dod akapaza sauti, "Amina!" Kwetu mtu haropoki kanisani. Vichwa mia nne viligeuka. Mzee mmoja alinong'ona kwamba Soutar ameokoka, maskini, na apelekwe nje apate hewa. Mtoto huyo ni Jimmy, yuko Kanada sasa, anauza matrekta.

Miaka ikaenda. Mzee Gellatly akafa, mama yake Dod akafa, shangazi naye akakohoa cha mwisho, dada zake Effie wakaolewa, Jimmy akavuka bahari. Nyumba ikabaki ya watu wawili. Hakuna aliyekuwa na sababu tena ya kuwatenganisha, na bado kila Jumapili waliachana mlangoni, huyu kulia, huyu kushoto. Watu wakasema, mwaonaje ukaidi, ugomvi wa 1843 umelala katikati ya kitanda chao. Mimi nilijua sivyo, ila nilitaka nisikie kwake.

"Effie," nikamuuliza siku moja tukila pai kwenye ngazi za kiwanda, "kwani mkikaa pamoja mtapungukiwa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mbuzi. "Nan, nikikaa ubavuni mwa Dod nitaona nini? Sikio?"

"Lakini nyumbani si mnaonana?"

"Nyumbani kuna vyombo. Nyumbani ananitazama anataka kujua viazi vimeiva. Pale ananitazama mimi." Akafuta mikono. "Na wewe kula pai yako, uache kusoma watu kanisani. Unafikiri sikuoni?"

Sikuacha.

Kisha yakaja majira ya baridi ambayo sauti ya Dod ilianza kukwaruza. Wakampeleka hospitali, wakakuta saratani, wakampasua koo, wakamtoa sauti yote. Akarudi na skafu shingoni na tundu chini yake. Watu walimhurumia, wakawa wanampigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Effie alicheka sana kwa hilo. "Mwanamke gani mwingine Dundee mumewe angekuwa bubu asione tofauti?" alisema. Na kweli, kwake Dod hakuwa amebadilika. Midomo ilikuwa ile ile. Alichohitaji ni kumwona uso tu.

Hapo ndipo tulipopata mchungaji mpya, Lorimer, kijana mwenye miwani na moyo safi. Simchukii. Alishangazwa na pande zetu, na nani asingeshangazwa? Ukisimama mimbarini unahubiria mashavu tu, kulia na kushoto. Akaliambia baraza la wazee kwamba ni aibu, karne nzima imepita, viti vya pembeni ving'olewe na watu wote wakae katikati wakitazama mbele. Wazee wakanuna. Wakakubaliana kwanza wajaribu Jumapili moja, ya umoja, kila mtu aje katikati, viti vya pembeni vibaki vitupu, kisha watu wapige kura.

Wiki hiyo hiyo, Alhamisi, Dod aliitwa tena hospitali. Alikwenda peke yake, kwa sababu Effie alikuwa na zamu.

Ijumaa asubuhi nilimwona Effie kwenye mashine yake anakosea fundo la uzi. Hajawahi kukosea fundo. Nikamuuliza kwa midomo, "Vipi?"

"Amerudi na kitu, hasemi."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Akanipa mgongo, akakoroga supu." Akafunga fundo. Mwanamume asiye na sauti akikupa mgongo, amefunga mlango na ufunguo kameza. "Ni jambo kubwa, Nan. Analiweka mpaka Jumapili. Ataniambia kwenye sala."

"Jumapili hii ni ya umoja," nikasema. "Tunakaa katikati wote."

Mikono yake ikasimama. Alikuwa amesahau kabisa. Kisha akasema, "Tutaona," akarudi kwenye nyuzi zake.

Jumapili ikafika. Mimi nilikataa kuteremka, nikasema magoti yananiuma, nikaketi mahali pangu. Chini watu waliingia wakiduwaa, hawajui waweke wapi miili yao. Kina Duthie wa Waliotoka wakajikuta wamebanana na kina Petrie wa Waliobaki, na kila mmoja amekusanya koti lake lisimguse mwenzake. Mchungaji Lorimer alikuwa amesimama mlangoni, na walipotokea Effie na Dod uso wake ukang'aa. Akawashika mikono wote wawili.

"Ninyi wawili," alisema kwa sauti ya kusikika hadi juu, "ninyi ndio mahubiri yangu ya leo. Miaka thelathini kanisani, na leo kwa mara ya kwanza mtaketi pamoja."

Akawaongoza hadi kiti cha mbele kabisa, katikati, akawaketisha bega kwa bega. Watu walitabasamu. Mwanamke mmoja akatoa kitambaa. Effie akageuka, akainua macho kwenye roshani akanitazama, na sikuhitaji kusoma midomo.

Tukaimba zaburi. Kwa kuwa tulikuwa tumechanganyika, walioinuka na walioketi walikuwa kila mahali, kama meno mabovu. Mchungaji akaanza sala. Effie alisimama, Gellatly ni Gellatly. Dod aliketi, midomo ikicheza, lakini shingo iliyopasuliwa haikugeuka vya kutosha, na Effie akimtazama kutoka juu aliona paji la uso, ncha ya pua na skafu tu. Akavua kofia yake, ukingo usimzuie. Akapinda shingo. Nilimwona Dod akijaribu mara moja, kisha akafumba mdomo, akatazama magoti yake. Sala ikaisha.

Mahubiri yakaanza, ya watu waliojitenga na jinsi Mungu alivyowarudisha. Yalikuwa mazuri. Na katikati yake Effie Gellatly akainuka, akachukua mkoba wake, akapita mbele ya mimbari, akaenda moja kwa moja hadi kiti cha ukoo wake upande wa kushoto, akaketi peke yake.

Mchungaji akakatiza mahubiri. Kila mtu akaganda. Kisha Dod naye akainuka, akashika fimbo yake, akaanza kwenda upande wa kulia, taratibu, ameinamisha kichwa, akaketi mahali alipoketi mama yake.

"Bi Gellatly," akasema mchungaji, na sauti ilikuwa imemlegea, "kuna tatizo?"

"Hakuna, Mchungaji. Endelea tu. Hata huku tunasikia."

Hapo Mzee Duthie, ambaye amengoja maisha yake yote ugomvi wake mwenyewe, akaruka juu. "Safi kabisa, Effie! Baba yako angejivunia! Waliotoka, tunatoka!" Naye huyo, akakanyaga miguu ya kina Petrie, akaelekea kushoto, na mkewe nyuma yake, na kina Lownie, na nusu ya watu. Kina Petrie nao wakasimama, "Wacha waende! Nani aliwaita?" wakaelekea kulia. Katika dakika chache katikati palibaki wanafunzi wawili na mgeni kutoka Perth. Nilicheka, nakiri, nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Wote hao walidhani wamerithi vita, kumbe mwanamke alitaka kumwona mumewe uso.

Maskini Lorimer. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha, akatazama mahubiri yake yaliyobaki. Kisha akafanya kitu pekee ambacho mchungaji anaweza kufanya watu wakimshinda.

"Tuombe," akasema.

Upande wa kushoto ukasimama. Upande wa kulia ukaketi. Macho yote yakafumbwa, isipokuwa yetu sisi watatu.

Effie alikuwa wima, mikono imeshika ukingo wa kiti cha mbele yake. Dod alikuwa ameketi, ameinua uso, na mwanga wa dirisha ulimpiga vizuri midomoni. Hata mfumaji wa siku ya kwanza asingekosa.

"Imeshuka kifuani," alisema. "Hawawezi kukata tena. Sitaufikia Mwaka Mpya, Effie."

Tulikuwa mwezi wa kumi. Kicheko kilikuwa bado mbavuni mwangu, kikageuka kitu kingine, nikauma kidole.

Effie hakutikisika. Mwanamke aliyesoma matusi ya msimamizi kupitia vumbi la magunia kutoka mwisho wa ukumbi, aliyenifundisha mimi kila kitu ninachojua, alimtazama mumewe kwenye mwanga ule mzuri, akachezesha midomo yake polepole.

"Sikuona," akasema. "Rudia."

Dod akarudia.

"Sijaona bado. Rudia tena."

Na Dod, ambaye alijua vizuri macho ya mke wake, akarudia.